Maswali ya Wasomaji: iPhone 17 ikifika Kigoma, laini itaingia wapi?

Apple ilitangaza iPhone 17, iPhone Air, iPhone 17 Pro na 17 Pro Max tarehe 9 Septemba 2025, zikaingia sokoni tarehe 19. Mfumo wake, iOS 26, ulitoka siku nne kabla. Tangu hapo barua za wasomaji wetu wa Kigoma ni za simu hizo tu, na cha ajabu wachache sana wanauliza kamera. Wanauliza laini, chaji na saa. Tumechagua zinazogusa wengi. Majina ya menyu za iPhone tunayaandika kama yanavyosomeka kwenye kioo ili usipotee njiani.

*

Kaka yangu anaishi Marekani na ameahidi kunitumia simu mpya. Anataka nichague kati ya iPhone 17 na iPhone Air. Jirani ananiambia zote mbili hazina pa kuweka laini, zikifika hapa zitabaki za kupigia picha. Ni kweli?
*Msomaji, Mwanga, Kigoma*

Jirani yako amepatia nusu. Ni kweli simu zote mbili, kaka yako akizinunua Marekani, hazina trei ya laini. iPhone za Marekani ziliacha trei tangu iPhone 14 ya mwaka 2022. Air imeenda mbali zaidi: ina unene wa milimita 5.6 tu, na haina trei popote inapouzwa duniani. Kwa hiyo hata ukiletewa Air kutoka Uingereza au Kenya, ubavuni hutakuta kitundu cha pini.

Nusu aliyokosea ni hiyo ya kupigia picha. Simu hizo zinatumia eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Ndani ya simu kuna chipu iliyochomelewa kiwandani, na mtandao unaiandikia taarifa zilezile ambazo zingekuwa kwenye kadi. Namba yako haibadiliki, salio halibadiliki, na *150*00# au *150*60# inafunguka kama kawaida.

Kuipata ni hivi. Kabla kaka hajalipa, nenda duka la huduma la mtandao wako, si kwa wakala wa mwavuli, uulize kama wanatoa eSIM kwa laini ya kawaida ya malipo ya kabla na kama wanaitoa hapa Kigoma mjini. Simu ikifika, rudi pale na namba yako ya NIDA na kidole chako. Watakupa msimbo wa QR, kwenye karatasi au kwa barua pepe. Kwenye simu ingia Settings, Cellular, Add eSIM, kisha Use QR Code, uuelekezee kamera. Subiri dakika chache mpaka jina la mtandao litokee juu.

Wengi wanakwama mahali pawili. Kwanza, simu inahitaji intaneti ili ipokee eSIM, na wakati huo yenyewe haina laini. Mtu anakwenda dukani akiwa na simu moja tu, anaskani, inagoma, anadhani ni mbovu. Nenda na simu nyingine yenye bando, uwashe hotispoti. Pili, mara eSIM inapowaka, ile kadi yako ya zamani inakufa papo hapo. Kama ulikuwa unasubiri kutumiwa fedha au ujumbe wa benki kwenye simu ya zamani, utausubiria kwenye hii mpya.

Sasa tuseme lile ambalo matangazo hayalisemi. Watu wa huku tuna desturi nzuri: chaji ikiisha, unachomoa laini, unaichomeka kwenye kitochi, maisha yanaendelea. Kwa eSIM desturi hiyo imekwisha. Kioo kikipasuka ukiwa Kagunga, namba yako imefungwa ndani ya simu isiyoonekana kitu, na kuihamisha unahitaji kurudi dukani Kigoma mjini kwa boti. Kwa hiyo ushauri wetu kwa kila anayepokea simu isiyo na trei ni mmoja: laini ya pesa ibaki kwenye kitochi. Iliyo ndani ya iPhone iwe laini ya bando. WhatsApp haitakusumbua, kwa sababu inaweza kusajiliwa kwa namba iliyoko kitochi. Inatuma tarakimu 6 kwa meseji, unazisoma kule, unazijaza huku.

Kati ya hizo mbili, chukua iPhone 17. Air ni nyembamba na nyepesi, gramu 165, lakini ina kamera moja tu nyuma na betri ndogo zaidi. Kwa kipimo cha Apple chenyewe, 17 inacheza video saa 30, Air saa 27. Na Air kule inaanzia dola 999 wakati 17 inaanzia dola 799, zote zikiwa na GB 256. Utalipa zaidi upate pungufu.

Jambo la mwisho la kumwambia kaka: anunue kwa fedha kamili, iliyo wazi kwa mitandao yote. Simu za mkopo wa kampuni za simu za kule hufungwa mpaka deni liishe, na eSIM ya Tanzania haitakubali kuingia. Ikishawashwa, aingie Settings, General, About, asome mstari wa Carrier Lock. Panatakiwa pasomeke "No SIM restrictions". Pakisomeka kingine, asiipakie.

*

Nauza simu na vifaa vyake. Wateja wameanza kuulizia 17. Kuna mtu ananiletea mzigo wa Dubai, na mwingine ana Pro Max "boksi halijafunguliwa" kwa bei ya kushangaza. Nikague nini kabla sijatoa hela?
*Mwenye duka, Ujiji*

Tuanze na Dubai, maana hapo ndipo mzigo mwingi wa Kariakoo unapotokea na ndipo mambo yalipobadilika mwaka 2025. Mpaka iPhone 16, simu ya Dubai ilikuwa na trei. Kuanzia 17 haina. Nchi ambazo iPhone 17, 17 Pro na Pro Max zinauzwa bila trei sasa ni pamoja na Marekani, Kanada, Meksiko, Japani, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain. Mteja wako aliyezoea kununua "ya Dubai" akichomeka kucha ubavuni akatafuta trei asiione, atakurudishia. Mwambie mapema. Kwenye Pro na Pro Max nafasi ya trei imejazwa betri, kwa hiyo 17 Pro isiyo na trei inacheza video saa 33 badala ya 31. Hilo ni neno zuri la kumpoza mteja, ila usimwambie ni zawadi.

Asili ya simu utaijua kwa namba ya modeli. Iko kwenye kibandiko cha nyuma ya boksi, na ndani ya simu iko Settings, General, About, mstari wa Model Number. Herufi za mwisho kabla ya mkwaju (/) ndizo nchi: LL ni Marekani, J ni Japani, B ni Uingereza, CH ni China bara, ZA ni Hong Kong. Herufi ya kwanza kabisa nayo inasema: M ni simu mpya ya dukani, F ni iliyofanyiwa ukarabati na kuuzwa tena, N ni iliyotolewa kufidia mbovu. Ukiuziwa "mpya" inayoanza na F, punguza bei au irudishe.

Kwa zilizokwisha kutumika, fungua simu mbele ya muuzaji mpaka ifike kwenye kioo cha nyumbani. Usikubali kuiona ikiwa kwenye "Hello" tu. Ikiomba barua pepe na neno la siri la mtu mwingine, imefungwa kwa akaunti ya mwenyewe, na hakuna fundi wa Mwanga wala wa Kariakoo atakayeifungua kwa haki. Kisha rudi About, tafuta sehemu ya Parts and Service History. Kama betri, kioo au kamera vilibadilishwa, panaandikwa. "Unknown Part" maana yake kifaa si halisi au hakikuoanishwa na simu hiyo.

Sasa huyo wa bei ya kushangaza. Kopi za Pro Max zipo na umbo lake linadanganya macho, lakini ndani ni Android iliyovishwa nguo za iOS. Kutuma IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090 ya TCRA ni hatua nzuri, na kila mnunuzi aifanye: bonyeza *#06#, namba itokee, itume. Tatizo ni kwamba kopi nyingine zimepachikwa IMEI ya simu halisi, kwa hiyo jibu zuri la 15090 pekee halitoshi. Namba ya siriali nayo hunakiliwa vivyo hivyo. Kipimo kisichodanganywa kirahisi ni hiki: chukua iPhone ya kweli ya jirani wa duka, ujaribu kumrushia picha kwa AirDrop. Kopi haina AirDrop inayofanya kazi. Au gusa App Store uone kinachofunguka. Ikija Play Store, mrudishie boksi lake.

Simu feki zilizimwa nchini Juni 2016 na wengi walilia kwa kununua bila kukagua. Sasa kuna kipimo cha bure mkononi, hakuna sababu ya kurudia kilio kile.

*

Habari za kazi. Huku kwetu simu inabadilika saa yenyewe. Nalala saa ziko sawa, naamka imerudi nyuma saa nzima. Nimeshachelewa boti mara mbili. Simu ni iPhone, na rafiki yangu mwenye Android naye analia hivyohivyo. Tukinunua hiyo mpya tatizo litaisha?
*Msomaji, Kagunga*

Halitaisha, kwa sababu tatizo haliko kwenye simu. Kagunga iko mpakani na Burundi, na minara haijui mpaka. Usiku mtandao wetu ukipungua nguvu, simu inadaka mnara wa ng'ambo. Burundi, na vilevile upande wa mashariki wa Kongo, wako saa moja nyuma yetu. Simu iliyoachiwa ijipangie muda inaamini mnara ulioishika, inarudisha mshale, na kengele ya kukuamsha inalia saa nzima baadaye.

Tibu mambo mawili, ukianza na muda. Ingia Settings, General, Date & Time, zima Set Automatically, kisha kwenye Time Zone andika Dar es Salaam. Kwenye Android ingia Mipangilio, Tarehe na saa, uzime saa za eneo kujiweka zenyewe, uchague saa za Afrika Mashariki.

La pili lina hela ndani yake. Simu iliyodaka mnara wa nje inaweza kukukata salio kwa bei ya nje. Ingia Settings, Cellular, uchague laini yako, halafu Network Selection, uzime Automatic. Subiri orodha ijae, inaweza kuchukua dakika mbili, kisha chagua mtandao wako wa Tanzania kwa mkono. Mahali palepale hakikisha Data Roaming imezimwa. Mitandao mingine ikionekana kwa tarakimu badala ya jina, usichanganyikiwe: zinazoanza na 640 ni za Tanzania, 642 za Burundi, 630 za Kongo.

Ukifanya hivyo, pale ambapo mtandao wetu haupo kabisa simu itakaa bila mtandao badala ya kuhamia ng'ambo. Na ukisafiri kwenda Bujumbura kumbuka kurudisha Automatic, vinginevyo utalaumu simu bure.

*

Nina iPhone 11, mume wangu ana XR. Yangu inanisumbua kila siku niweke iOS 26, yake haisemi kitu. Niliyeona kaiweka anasema kioo kimekuwa kama kimemwagiwa maji na chaji inaisha mchana. Niweke au niache?
*Mwalimu, Kasulu*

Mwalimu, XR ya mume wako haijasahaulika kwa bahati mbaya. iOS 26 inaanzia iPhone 11 na SE ya kizazi cha pili kwenda mbele. XR, XS na XS Max zimebaki kwenye iOS 18. WhatsApp bado inazikubali, kwa kuwa yenyewe inataka iOS 15.1 kwenda juu, kwa hiyo asikimbilie kuiuza. Kwa wanaoshangaa namba, hakuna matoleo saba yaliyopotea kati ya 18 na 26. Apple imeamua namba ifuate mwaka.

Hicho kilichoonekana kama maji kina jina, Liquid Glass. Vitufe na vibao vimefanywa kama kioo angavu, kilicho nyuma kinaonekana kwa mbali. Picha ya mtoto ukutani ikiwa na rangi nyingi, maandishi ya taarifa yanasomeka kwa taabu, hasa juani. Sisi tunaona wamependezesha wakasahau msomaji. Dawa ipo: Settings, Accessibility, Display & Text Size, washa Reduce Transparency. Toleo la 26.1 lililotoka Novemba 2025 limeongeza njia nyepesi zaidi: Settings, Display & Brightness, Liquid Glass, uchague Tinted.

Kuhusu chaji, siku mbili tatu za kwanza baada ya sasisho kubwa simu yoyote hula betri. Inapanga upya picha, inajenga orodha ya utafutaji, inasasisha programu nyingine. Hilo linapita. Lisilopita ni betri iliyochoka. iPhone 11 ni ya mwaka 2019. Kama betri ni ileile ya mwanzo, ingia Settings, Battery, Battery Health, usome Maximum Capacity. Ikiwa chini ya asilimia 80, kinachohitajika kwanza ni betri, sasisho lifuate. Watu wengi waliosema "iOS mpya imeniulia simu" walikuwa na betri ya asilimia 72.

Kwa hiyo weka, kwa sababu viraka vya usalama vya simu yako sasa vinakuja kupitia huko, lakini kwa mpangilio huu. Nakili picha zako kwanza kwenye kompyuta. Acha nafasi ya kutosha. Sasisho lenyewe ni GB kadhaa na linahitaji pa kujifungulia, kwa hiyo simu ya GB 64 iliyojaa video za harusi itagoma katikati. Kama huwezi kufuta, chomeka simu kwenye kompyuta na usasishe kutoka huko, maana upakuaji unafanyikia kwenye kompyuta na simu inahitaji nafasi ndogo zaidi. Usitumie bando la siku. Litakatika na utaanza upya. Chaji iwe zaidi ya nusu na waya umechomekwa, umeme wa Kasulu mnaujua wenyewe.

Na ujue ni safari ya kwenda. Apple ikishaacha kuidhinisha toleo la zamani, na huwa haichelewi, fundi anayekuambia atakurudisha iOS 18 anakula hela yako.

*

Tunaendesha boti za abiria na mizigo. Tumesikia iPhone mpya inapiga kwa setilaiti hata pasipo na mnara. Hii si ndiyo ya ziwani?
*Kibirizi*

Kwa sasa siyo. Huduma hiyo ilianza Novemba 2022 Marekani na Kanada, ikaongezwa nchi kadhaa nyingine, na Tanzania haimo. Chipu iko ndani ya simu, huduma haiwaki. Hata inapowaka ni ujumbe mfupi wa dharura kwenda kituo cha uokoaji, si kupiga simu, na lazima uwe chini ya anga wazi ukiielekeza simu kama unavyotafuta mbalamwezi. Fedha ya simu hiyo ni afadhali inunue maboya ya kuvaa kwa abiria na redio ya VHF.

Kwa kuwa mko majini, tuongeze la maji. Simu hizi zina kiwango cha IP68, mita 6 kwa dakika 30. Kipimo hicho ni cha maabara, maji matulivu na simu mpya. Mpira unaozuia maji huchakaa, na simu ikishafunguliwa na fundi hesabu hiyo haipo tena. Hitilafu ya kawaida zaidi ni tundu la chaji kulowa. Ukichomeka waya na kioo kikaandika Liquid Detected, chomoa. Geuza tundu liangalie chini, gonga simu taratibu kiganjani, iache penye upepo angalau nusu saa, kisha jaribu tena. Ikikataa bado, inaweza kuhitaji hata siku nzima.

Usiizike kwenye mchele. Tunajua kila nyumba ina mtu anayeapa kwa mchele, lakini Apple wenyewe wanakataza: punje zilizovunjika na unga wake huingia tunduni. Na kwa wanaoshika dagaa, tazama kwa tochi: magamba madogo hubana kule ndani na waya unakaa bila kushika. Zima simu, uyatoe kwa kijiti cha meno cha mbao. Sindano itakwangua miguu ya shaba na kukuachia kazi kubwa zaidi.

*

Huku tunatumia sola. Chaja niliyonayo ni ya Android, imeandikwa W 33. Itachaji 17? Na pawabanki ya 10,000 itanipa mara ngapi?
*Msomaji, Ilagala*

Itachaji, ila usitarajie hizo W 33. Chaja nyingi za simu za Kichina zina njia yake ya kuchaji haraka inayoelewana na simu za kampuni hiyo tu. iPhone inatumia njia ya USB PD. Zisipoelewana, zinarudi kwenye mwendo wa polepole. Tatizo jingine ni la tundu: kwenye boksi unapata waya wa Type-C pande zote mbili na chaja haimo (Apple iliacha kuiweka mwaka 2020), wakati chaja yako pengine ina tundu pana la zamani. Nunua waya wa pana kwenda Type-C, au chaja ya PD ya W 20. Kwa hiyo ya W 20, Air inafika nusu kwa dakika 30. 17 inafika nusu kwa dakika 20, lakini inataka chaja ya W 40.

Kwa sola hesabu ni nyingine. Tundu la USB kwenye vile viboksi vya sola vya nyumbani mara nyingi linatoa volti 5 na ampea 1, yaani W 5. Betri ya 17 inabeba kama Wh 14 (wati-saa, yaani W 14 kwa saa moja). Ukijumlisha kinachopotea njiani, toka sifuri mpaka kujaa ni saa nne hivi. Usichomeke simu moja kwa moja kwenye paneli ndogo: kila wingu likipita chaji inakatika na kuanza upya, na simu iliyolala juani pembeni ya paneli inapata joto na kusitisha kuchaji yenyewe. Chaji pawabanki mchana, simu uichaji usiku.

Hiyo pawabanki ya 10,000 ina Wh 37 kama imesema kweli. Theluthi moja hivi hupotea katika kubadilisha volti, zinabaki kama 24. Kwa 17 ni mara moja na nusu na kitu kidogo. Air ni karibu mara mbili. Ikikupa nusu ya hapo, namba iliyoandikwa juu yake ni ya uongo.

*

Simu aliyonitumia shangazi kutoka nje inaishia kwenye E nikiwa kijijini, wakati ya mwenzangu inashika 4G. Na iPhone mpya zitakuwa hivyo?
*Kakonko*

Hapana. 4G ya hapa nchini hupita zaidi kwenye megahezi 700, 800 na 1800, zinazoitwa bendi 28, 20 na 3. Masafa ya chini, 700 na 800, ndiyo yanayofika mbali vijijini. iPhone 17 zote zinazo. Simu za bei nafuu za Android zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ndizo mara nyingi hukosa bendi 20 au 28, na hakuna programu ya kuziongeza. Ni suala la vifaa vya ndani. Wakati mwingine shangazi atume kwanza jina kamili la modeli, uangalie bendi zake kabla hajalipa.

*

Nina iPhone 13 inayofanya kazi vizuri. Nihamie 17?
*Gungu*

Kioo cha 17 kinakwenda laini zaidi, Hz 120 dhidi ya 60, na tundu ni Type-C kama la simu nyingine zote nyumbani. iOS 26 unaipata hapohapo ulipo. Badilisha betri, ukae nayo.

*

Shikamooni wakubwa. Nimenunua 17 yangu ya kwanza, nilikuwa Android. Nimeshaiwasha, nimeweka akaunti na programu zote, ila meseji zangu za WhatsApp za miaka minne haziji. Nikirudisha nakala ya Google Drive haioni.
*Mwanafunzi, Kasulu*

Marahaba. iPhone haisomi nakala ya WhatsApp iliyoko Google Drive, ndiyo maana huioni. Meseji zinahama kwa programu ya Apple iitwayo Move to iOS, na hiyo inafanya kazi wakati simu inawashwa mara ya kwanza tu. Ulipofika kioo cha nyumbani, mlango ulifungwa.

Unaweza kuufungua tena. Usifute WhatsApp kwenye simu ya zamani. Kwenye iPhone ingia Settings, General, Transfer or Reset iPhone, Erase All Content and Settings. Kama laini yako ni eSIM, ikikuuliza iifute au iibakize, chagua kubakiza. Ukiifuta utarudi dukani na kidole chako. Simu ikiwaka upya, endelea mpaka ukurasa wa kuhamisha data, uchague kutoka Android. Kwenye simu ya zamani fungua Move to iOS, ujaze tarakimu zitakazotokea kwenye iPhone, kisha kwenye orodha weka tiki WhatsApp. Itakuomba ufungue WhatsApp na kubonyeza Start ili iandae meseji, hapo ndipo wengi huruka.

Simu zote mbili ziwe kwenye chaji na Wi-Fi moja. Zima data ya laini kwenye ya Android, na usiiguse wala kufungua programu nyingine mpaka mstari ufike mwisho kwenye iPhone, hata kama simu ya zamani imeandika imemaliza. Baada ya hapo pakua WhatsApp kutoka App Store na uingie kwa namba ileile. Ukiingia kwa namba nyingine, utakuta ukurasa mtupu.